Jinsi ya kuizuia ndege ya mafunzo isipitilize njia ya kurukia

Ndege ndogo inayoishia vichakani baada ya mwisho wa njia, mara nyingi breki zake ni nzima. Ilifika juu ya kizingiti (mwanzo wa njia) ikiwa na kasi ya ziada, au ikiwa juu mno, au ikisukumwa na upepo wa mgongoni, na mwanafunzi aliyekuwa peke yake akaendelea kungoja itue. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla magurudumu hayajagusa ardhi. Breki zitapata aya zake, lakini si nyingi.

Tarakimu zilizomo ni za Cessna 172S. Kama unajifunzia 152, Piper au ndege nyingine, fungua kitabu cha mwongozo cha ndege hiyo hiyo unayoipanda. Mantiki haibadiliki, ila namba zitabadilika.

Hesabu ya mezani

Jedwali la kutua la 172S limejengwa juu ya masharti haya: uzito wa juu kabisa wa ratili 2,550 (kilo 1,157), flapu (vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) nyuzi 30, kasi ya noti 61 (noti ni maili ya baharini kwa saa) ndege ikiwa futi 50 juu ya kizingiti, nguvu ya injini imeondolewa, njia ni ya lami, kavu na tambarare, hakuna upepo, na breki zimekanyagwa kwa nguvu zote. Sharti moja likikosekana, umbali unabadilika, na karibu kila mara unabadilika kwa kuongezeka.

Tuchukue kiwanja cha nyasi kavu chenye urefu wa mita 800, kilichoko futi 5,000 kutoka usawa wa bahari, mchana wa joto la nyuzi 30. Jedwali linatoa futi 1,575 kutoka futi 50 juu ya kizingiti hadi ndege kusimama, yaani mita 480. Kati ya hizo, futi 725 ni za kubingirika ardhini. Kitabu kinasema kwa nyasi kavu uongeze asilimia 45 ya zile 725, ambazo ni futi 326. Jumla inakuwa futi 1,901, au mita 580. Hapa wanafunzi wengi hufunga daftari, maana wanaona akiba ya mita 220.

Usifunge bado. Tarakimu za kitabu zilipatikana kwa ndege mpya, matairi mapya, breki mpya, na rubani wa majaribio aliyekuwa anatarajia kukanyaga breki kwa nguvu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza, katika vijitabu vyake vya usalama kwa marubani wa ndege ndogo, inashauri jumla yote izidishwe kwa 1.43. Ukifanya hivyo unapata mita 829, na njia ya mita 800 imeshakuwa fupi hata kabla upepo haujavuma.

Weka sasa upepo wa nyuma wa noti 4, ambao kwenye soksi ya upepo ni kama mtikisiko tu. Kitabu kinataka uongeze asilimia 10 kwa kila noti 2 za upepo wa nyuma, mwisho noti 10. Umbali ghafi unafika mita 695, na ukizidisha kwa 1.43 unapata mita 994. Angalia pia upande wa pili wa kanuni hiyo: upepo wa mbele unakupunguzia asilimia 10 kwa kila noti 9. Maana yake, noti 2 za mgongoni zinakunyang'anya kile ambacho ungehitaji noti 9 za usoni kukirudisha. Ndiyo sababu kutua "upande huu kwa sababu ni karibu na maegesho" ni hesabu mbaya hata upepo ukiwa mdogo.

Ongezeko jingine la kukumbuka: mteremko wa asilimia 2 kuelekea unakokwenda, zidisha kwa 1.1. Lami iliyoloa, 1.15. Nyasi zilizoloa, 1.35, na zikiwa fupi sana juu ya ardhi ngumu zinaweza kufika 1.6, kwa sababu tairi halipati pa kushika. Kutua bila flapu kwenye 172S kunadai noti 9 zaidi na asilimia 35 ya umbali. Ongezeko hizi huzidishwa moja juu ya nyingine. Kiwanja cha udongo mweusi wakati wa masika hakina namba ya kuaminika kabisa; mwanafunzi anayeruka peke yake akiambiwa mvua imenyesha huko, aende kwingine.

Andika jibu la mwisho kwenye karatasi ya gotini, kwa mita, pembeni ya urefu wa njia. Kama jibu limezidi urefu, safari hiyo ni ya kwenda na mwalimu, au si ya leo.

Hewa nyembamba ya bara

Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500 kutoka usawa wa bahari. Arusha ni futi 4,550. Dar es Salaam na Mombasa ni karibu na bahari yenyewe. Tofauti hii haionekani kwenye kipimo cha kasi, na hapo ndipo inapoumiza.

Mchana wa nyuzi 26 pale Wilson, hewa ni nyembamba kama ya futi 8,000 hivi katika hali ya kawaida. Kipimo kinasoma noti 61, lakini ndege inakata hewa kwa karibu noti 69. Nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo noti hizo 8 ni zaidi ya robo ya ziada. Mwanafunzi aliyezoea pwani huona ardhi ikimkimbilia haraka kuliko alivyozoea na kuvutwa kupunguza kasi. Asipunguze. Ashike kasi ileile ya kwenye kipimo, ambayo ndiyo inayoizuia ndege isistoli (mabawa yasipoteze ghafla nguvu ya kuibeba), na mita za ziada azitafute kwenye hesabu kabla ya kuondoka.

Ukiwa na GPS, kumbuka tofauti hiyo kabla ya kuhukumu upepo. Katika mwinuko wa Wilson, noti 61 za kipimo zikiwa noti 68 au 69 za ardhini, hewa imetulia. Zikiwa 76, una upepo wa mgongoni wa noti 7 au 8, hata kama redio ilisema upepo ni mwepesi.

Pwani ina mtego wake mwingine. Upepo wa bahari huingia mchana na unaweza kugeuza kabisa ule wa asubuhi, na msimu wa kaskazi haufanani na wa kusi. Njia uliyoitumia saa mbili asubuhi si lazima iwe ndiyo ya saa tisa alasiri. Tazama soksi ya upepo mara mbili: kabla ya kuingia kwenye mzunguko wa uwanja, na tena ukiwa fainali, yaani mstari wa mwisho wa kuelekea njia.

Kwa nini siku ya kuruka peke yako ndege haitaki kushuka

Hili walimu wanalijua lakini hawalitamki vya kutosha. Mwalimu akishuka, ndege imepoteza kilo 70 au 80, na mafuta nayo mara nyingi si tangi kamili. 172S yenye mwanafunzi mmoja na nusu ya mafuta inaweza kuwa na ratili 2,000 tu. Kasi inayofaa hupungua kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa uzito: chukua 2,000, gawa kwa 2,550, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 61. Unapata 54.

Sasa mwanafunzi aliyezoea kuja na noti 68 "kwa usalama" anafika na noti 14 zaidi ya zile ndege inazozihitaji. Mabawa bado yana nguvu ya kuinyanyua. Ndege inaelea futi tatu juu ya lami, na kwa noti 65 kila sekunde ya kuelea inakula mita 33. Sekunde 5 ni mita 165, nazo ni sehemu ya tano ya kiwanja chetu cha mita 800.

Hatuna maana kwamba mwanafunzi ajipangie kasi yake mwenyewe angani. Kasi ya chini kwa uzito mdogo ihesabiwe mezani pamoja na mwalimu, na iandikwe namba moja. Kama hamkuihesabu, lengo ni 61 ya kitabu kwa njia fupi, na chochote kinachozidi 66 juu ya kizingiti ni sababu ya kughairi. Kwenye upepo wa vishindo, ongeza nusu ya tofauti: upepo wa 10 unaopanda hadi 18 unastahili noti 4 zaidi. Wanafunzi wengi huongeza 10 kwa woga, kisha huongeza 5 nyingine kwa sababu wameongeza 10.

Jambo la pili la siku hiyo: ndege nyepesi hupanda haraka, inafika kimo cha mzunguko mapema, na ikipunguzwa nguvu mahali palepale pa siku zote itafika beisi (upande wa mzunguko unaotangulia fainali) ikiwa juu. Mwalimu amwambie mwanafunzi hivyo kabla ya kufunga mlango, na amwambie pia kwamba mzunguko wa kwanza peke yake ukiishia kwa kughairi kutua, hilo si kosa la kuandikwa popote.

Alama

Ukichukua jambo moja tu kutoka hapa, chukua hili. Kabla ya kila kutua, chagua kitu kinachoonekana kando ya njia kwenye theluthi ya kwanza: makutano ya njia ya teksi (ya ndege kutembea ardhini), ubao, mti, rangi iliyofifia. Kwa njia ya mita 800 hiyo ni mita 265 hivi kutoka kizingitini. Kitamke kwa sauti ukiwa daunwindi (upande wa mzunguko ulio sambamba na njia, kabla ya beisi): "Alama yangu ni ule mti." Magurudumu makuu yasipokuwa ardhini, yametulia, kufikia pale, unatoa nguvu kamili na kuzunguka upya. Hujadili. Uamuzi ulishafanywa daunwindi, wakati akili ilikuwa imetulia.

Faida ya alama ni kwamba mtu aliyemo ndani ya ndege inayoelea hana kipimo cha mita zilizobaki. Macho yake yako kwenye pua na lami, na kila sekunde inamwambia "itatua sasa hivi". Mwisho wa njia haumjii kidogo kidogo, humtokea.

Kabla ya alama kuna mlango mwingine, futi 300 juu ya uwanja (shule nyingine hutumia 500, fuata ya kwenu). Hapo flapu ziwe zimekamilika, ndege iwe kwenye mstari wa katikati, kasi iwe kati ya 61 na 66, na iwe inashuka futi 300 hadi 600 kwa dakika. Kimoja kikikosekana, usijaribu kukitengeneza ukiwa unashuka. Zunguka. Kimo nacho kina bei yake: ukivuka kizingiti kwa futi 100 badala ya 50, kwenye mteremko wa nyuzi 3 umesogeza mahali pa kutua mbele kwa karibu mita 290. Alama yako imeshapitwa kabla hujaanza kunyanyua pua.

Macho pia hudanganya. Njia inayoteremka kuelekea mbele humfanya rubani ajione yuko chini kuliko alivyo, kwa hiyo hubaki juu na kutua mbali, tena mahali ambapo mteremko utamsukuma. Njia pana hufanya vivyo hivyo. Ukitoka kujifunzia kwenye njia nyembamba ya kiwanja kidogo na kwenda kwenye lami pana ya uwanja wa kimataifa, tegemea kunyanyua pua mapema mno. Pale urefu utakusamehe, lakini tabia utarudi nayo nyumbani.

Ikielea, ikidunda

Ndege ikielea, hakikisha kwanza wenzo wa nguvu umevutwa hadi mwisho. Mara nyingi umebaki sentimita moja mbele, mkono umekakamaa, injini inaendelea kuvuta. Kisha shika pua ilipo na uiache kasi iishe, ukiitazama alama. Kitu cha kutofanya ni kusukuma usukani mbele ili kuilazimisha iguse. Gurudumu la pua litatangulia, ndege itadunda, utasukuma tena, itadunda juu zaidi, na mdundo wa tatu ndio kwa kawaida unaovunja mguu wa pua na kupinda rafadha (panga la mbele linalozungushwa na injini). Mdundo mdogo, wa futi moja au mbili: shika pua kama ya kutua na uache ikae. Mkubwa zaidi ya hapo: nguvu kamili.

Kuzunguka upya bila kuanguka

Kuna wanaopitiliza njia kwa sababu waliogopa kuzunguka, na kuna waliozunguka vibaya wakastoli juu ya uzio. La pili ni baya zaidi. Mpangilio wa 172S ni huu: nguvu kamili, flapu rudisha hadi nyuzi 20, kasi noti 60, flapu 10 hadi uvuke vizuizi, kisha polepole sifuri. Kwenye ndege za kabureta kama 152 na 172 za zamani, hita ya kabureta (inayoingiza hewa ya moto kwenye kabureta) izimwe pamoja na kusukuma nguvu. Ikibaki wazi unapoteza nguvu wakati unaihitaji kuliko wakati wowote.

Yanayoharibika hapa yanajulikana. Trimu (kirekebishi kinachoshikilia pua bila wewe kulazimisha usukani) ilikuwa imewekwa kwa kushuka polepole, kwa hiyo nguvu kamili itainua pua yenyewe, kwa nguvu inayowashangaza wengi. Sukuma usukani mbele na uushikilie hadi ukumbuke kurekebisha trimu. Pua itavutwa kushoto. Kanyaga pedali ya kulia. Flapu zote zikirudishwa kwa mpigo mmoja, ndege inazama. Flapu zikiachwa nyuzi 30, haipandi, hasa Nairobi saa nane mchana.

Kuna moja la watu wa bara tu. Orodha ya kabla ya kutua inasema wenzo wa mchanganyiko wa mafuta usukumwe mbele kabisa. Kwenye mwinuko wa Wilson au Arusha, mchanganyiko huo ni mzito mno, na ukitoa nguvu kamili injini itatoa pungufu, pengine kwa kukohoa. Mchanganyiko wa kutua uwe ule uliofaa kuruka siku hiyo kwenye uwanja huo. Mwalimu akuonyeshe mahali pa wenzo, si kwa maneno tu.

Zoezi hili lifanywe na mwalimu kutoka kila hatua: futi 300, futi 50, katikati ya kunyanyua pua, na baada ya mdundo. Mwanafunzi aliyefundishwa kuzunguka kutoka futi 300 pekee hatazunguka kutoka futi tatu, ambako ndiko anakohitaji.

Ardhini

Kabla ya yote, kiti. Ukiwa bado kwenye maegesho, kanyaga pedali hadi mwisho huku ncha za miguu zikiwa kwenye breki, kulia na kushoto. Usipofika, sogea au tafuta mto wa mgongoni. Halafu jisukume nyuma na mbele uhakikishe pini ya kiti imeingia kwenye reli. Viti vya Cessna vina historia ya kuteleza, na kiti kikirudi nyuma wakati unavuta usukani, utaondoka nao.

Tazama chini ya magurudumu makuu. Mafuta ya breki ya ndege hizi ni mekundu. Tone jekundu kwenye tairi au sakafuni ni sababu ya kumwita fundi. Pedi zilizobaki chini ya milimita 2.5 zimekwisha. Ukiwa daunwindi, bonyeza breki: pedali ngumu inatia moyo, pedali inayozama ni habari ya kuijua sasa na si mwisho wa njia. Na usiendeshe ardhini kwa mizunguko 1,500 huku unaburuza breki, maana breki zilizochemka kwenye njia ya teksi hazitakuwa na nguvu ukilazimika kughairi kuruka dakika mbili baadaye.

Wakati wa kugusa ardhi, visigino viwe sakafuni na ncha za miguu ziwe mbali na breki. Gurudumu linalogusa ardhi likiwa limefungwa halibingiriki, linakwaruzika, pengine linapasuka. Magurudumu yote matatu yakiwa chini, pandisha miguu, kanyaga sawasawa kwa pande zote mbili, huku ukiendelea kuvuta usukani nyuma. Usukani ukivutwa, uzito unabaki kwenye magurudumu makuu yenye breki. Kwenye njia fupi, kitabu cha 172S kinataka breki nzito na flapu zirudishwe, ili mabawa yaache kubeba na uzito ushuke kwenye tairi. Fanya hivyo kama umelizoea. Kama hujalizoea, mkono wako ubaki ulipo, kwa sababu kupapasa swichi huku ndege inayumba hakujawahi kusaidia.

Usikivu wa miguu ni muhimu: sauti ya mlio au ndege kuteleza pembeni inamaanisha tairi limefunga. Legeza, kanyaga tena. Woga humfanya mtu akanyage sehemu ya chini ya pedali akidhani ni breki, ndege ikakata kona na kutoka pembeni.

Kwenye maji yaliyotuama kuna kanuni ya kutumia: kasi ambayo tairi huanza kuteleza juu ya maji, kwa noti, ni mara 9 ya kipeuo cha pili cha mgandamizo wa tairi kwa psi (ratili kwa inchi ya mraba). Tairi kuu za 172S zikiwa na psi 42 zinazotakiwa, jibu ni noti 58. Zikiwa zimeshuka hadi 30, ni 49, yaani tayari ndani ya kasi ya kawaida ya kugusa ardhi. Kipimo cha mgandamizo kinauzwa bei ndogo kuliko saa moja ya mafunzo.

Kuhusu kugusa na kuruka tena: kwenye njia isiyofika mita 1,000, mwanafunzi aliye peke yake atue na kusimama, arudi mwanzo, aanze upya. Anayegusa na kuruka ana mengi ya kufanya kwa sekunde chache (flapu, trimu, hita ya kabureta, nguvu) huku njia ikiisha, na ajali nyingine huanzia hapo: ameanza kuruka, ameona haipandi, akabadili nia. Kanuni iwe moja. Ukishakanyaga breki kwa nia ya kusimama, huruki tena.

Wakati wa kuruka

Kupitiliza hutokea pia kwa ndege iliyokuwa inaondoka. Kwenye uwanja ulio juu ya futi 3,000, rekebisha mchanganyiko ukiwa umesimama na nguvu kamili hadi mizunguko ifike juu kabisa. Anzia mwanzo wa njia. Lami iliyo nyuma yako ukianzia katikati haitakusaidia kitu.

Chagua alama tena, safari hii katikati ya njia. Ukifika pale lazima uwe na asilimia 70 ya kasi ya kunyanyua pua. Kwa 172S inayonyanyua noti 55, hiyo ni noti 38 au 39. Sababu ni ule mraba wa kasi: 0.7 mara 0.7 ni karibu nusu, kwa hiyo nusu ya njia inapaswa kukupa asilimia 70 ya kasi. Kama hujafika, vuta nguvu, kanyaga breki. Kanuni hii inasema tu kwamba utanyanyuka kabla ya lami kwisha. Miti iliyo mbele hesabu yake ni nyingine, na iko kwenye jedwali la kuruka.

Mambo ya kukufanya ughairi mapema zaidi: kipimo cha kasi kisichoamka, injini inayosikika tofauti, mlango uliofunguka kabla hujapata kasi.

Alama imepita na njia inaisha

Uko ardhini, unafunga breki, na mwisho unakuja. Usiruke. Ndege inayotoka mwisho wa njia kwa noti 20 ina robo ya nguvu ya ile inayotoka kwa noti 40, na zote mbili ni nafuu kuliko ile inayostoli kwa futi 40 ikiwa imeelekea kwenye nyumba.

Endelea na breki, vuta usukani nyuma ili gurudumu la pua lisijichimbie. Vuta wenzo wa mchanganyiko hadi injini izime, funga mafuta, zima magneto (zinazotoa cheche za injini) na swichi kuu, kwa kadiri unavyopata nafasi; kuongoza ndege ndiyo kazi ya kwanza. Fungua mlango kidogo ikiwa unaweza, kwa sababu fremu ikipinda mlango hukwama. Pitisha pua kati ya vizuizi. Bawa likigonga mti linameza nguvu ambayo vinginevyo ingemezwa na wewe. Kona ya ghafla kwa kasi inaweza kuipindua ndege, kwa hiyo pindisha kidogo kidogo.

Ikisimama, toka, nenda upande wa upepo unakotoka, mbali na rafadha na mafuta yanayovuja. Piga simu kwa mnara au kwa shule. Ndege iachwe ilivyo hadi wachunguzi wa ajali za ndege waruhusu iguswe, hata kama inaonekana haina mchubuko. Na kama rafadha imegusa chochote injini ikiwa inazunguka, hata nyasi ndefu au tope, hairudishwi kwenye maegesho kwa nguvu yake yenyewe. Inavutwa, na injini inakaguliwa na fundi mwenye leseni kabla ya mtu yeyote kuiwasha.